Kila Jibu na Mstari Wake: Namna ya Kujizoeza Ufahamu na Msamiati wa Kiingereza kwa Mtihani wa IELTS

Watahiniwa wengi wanaonijia huleta lalamiko la aina moja: wamekariri maneno mengi, wamefanya majaribio kumi au zaidi ya sehemu ya kusoma, na bado alama zao hazijabanduka pale zilipoanzia. Ninapowaomba wanioneshe mstari uliowapa jibu fulani, wengi hushindwa. Wanakumbuka kwamba kifungu kilizungumzia jambo hilo, wanakumbuka hata aya yenyewe, lakini mstari hawauoni. Kwangu hapo ndipo penye tatizo zima. Katika mtihani wa ufahamu kila jibu lina makazi yake ndani ya kifungu, na mazoezi yasiyomfundisha msomaji kuyatafuta makazi hayo humchosha bila kumfikisha popote.

Nitazungumzia mtihani wa IELTS, yaani mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, kwa kuwa ndio unaotakiwa na vyuo vikuu vingi vya Uingereza, Kanada na Australia, na wenzetu wengi wanaoomba masomo ya uzamili hukutana nao. Katika mtihani wa wanaokwenda vyuoni, sehemu ya kusoma ina vifungu 3 vyenye jumla ya maneno kati ya 2,150 na 2,750, maswali 40, na dakika 60. Kila swali lina alama moja, na jibu lisilo sahihi halipunguzi kitu. Majibu sahihi yapatayo 23 humweka mtahiniwa karibu na daraja la 6 kati ya 9, na yapatayo 30 humfikisha karibu na daraja la 7. Hesabu hiyo inafaa kuangaliwa vizuri, kwa sababu inaonesha kwamba anayetafuta daraja la 7 akiwa kwenye la 6 anahitaji maswali saba tu, yaani mawili au matatu katika kila kifungu. Pengo la ukubwa huo mara nyingi hutokana na usomaji wa haraka usio na ushahidi, na linaweza kuzibwa.

Wiki za kwanza weka saa kando

Chukua kifungu kimoja cha mtihani na usiangalie saa. Soma swali, tafuta mstari unaolijibu, upigie mstari kwa penseli, kisha andika namba ya swali pembeni yake. Usipopata mstari, usiandike jibu. Kifungu kimoja kinaweza kukuchukua saa nzima au saa moja na nusu, na muda huo haupotei. Ukimaliza, linganisha majibu yako na majibu sahihi, na kwa kila kosa rudi kwenye mstari ulioupigia ujiulize ulisoma nini ambacho hakikuandikwa, au ulipita nini kilichoandikwa.

Nitaonesha kwa kifungu kifupi nilichokitunga kuhusu katani, zao wanalolijua watu wa Tanga:

"Sisal is not native to East Africa. In 1893 the German agronomist Richard Hindorf had about a thousand young plants sent from Florida by way of Hamburg. Only 62 of them were still alive when they reached Tanga, yet within two decades the crop had become one of the colony's leading exports."

Sasa tuseme mtihani unakupa kauli tatu, na kwa kila kauli unatakiwa kuandika "True", "False" au "Not Given". Kauli ya kwanza inasema: "The majority of the plants Hindorf ordered did not survive the voyage." Hakuna neno "majority" katika kifungu, wala "survive", wala "voyage". Lakini miche iliagizwa kama elfu moja na iliyofika hai ni 62, kwa hiyo kauli ni kweli. Huu ndio ufundi mkuu wa watunzi wa mtihani huu: swali husema kwa maneno mengine kile ambacho kifungu kimekwisha kukisema. Anayetafuta neno lile lile la swali ndani ya kifungu atapita mbele ya jibu bila kulitambua.

Kauli ya pili: "Hindorf's plants travelled directly from Florida to Tanga." Maneno "by way of Hamburg" yanaikanusha, maana miche ilipitia Hamburg, kwa hiyo jibu ni "False". Zingatia kwamba unao mstari unaokanusha. Kauli ya tatu: "Hindorf was disappointed by the number of plants that survived." Mtu yeyote mwenye huruma atadhani Hindorf alisikitika, kwa kuwa miche zaidi ya mia tisa ilikufa. Lakini kifungu hakisemi neno lolote kuhusu hisia zake. Huna mstari wa kuthibitisha, huna mstari wa kukanusha, basi jibu ni "Not Given", na hilo ndilo jibu pekee lisilo na mstari wake.

Kosa la kuchanganya "False" na "Not Given" ndilo ninalolikuta mara nyingi kuliko yote, na huwapata hasa wasomi. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, afisa kilimo wa miaka mingi, aliyepoteza alama nne katika kifungu kilichohusu rutuba ya udongo, ilhali cha bahari alikipata karibu chote. Alijua mno kuhusu udongo. Kila kauli aliipima kwa ujuzi wake mwenyewe, na pale kifungu kiliponyamaza yeye alijaza. Tangu hapo nimewashauri wanafunzi wangu waandike kwa penseli, pembeni ya kila jibu la "False", maneno mawili au matatu ya kifungu yanayoikana kauli. Maneno hayo yakikosekana, jibu haliwezi kuwa "False".

Pale Kiswahili chetu kinapotupotosha, na pale kinapotubeba

Msomaji aliyelelewa katika Kiswahili ana mazoea yake ya kusoma, na baadhi ya mazoea hayo hayafai katika Kiingereza. Miongozo mingi imeandikwa kwa ajili ya wasomaji wa dunia nzima, kwa hiyo haiyagusi, nami nadhani hapa ndipo zinapojificha alama nyingi za watu wetu.

La kwanza ni rundo la majina. Kiingereza cha kitaaluma hupanga majina mfululizo bila kiunganishi, na jina kuu hukaa mwisho. Tazama maneno haya: "drinking water quality testing equipment". Msomaji wetu huanza na "drinking water" na kuamini kwamba habari ni ya maji ya kunywa. Habari ni ya vifaa. Kwa Kiswahili tungesema vifaa vya kupimia ubora wa maji ya kunywa, na ukilinganisha utaona kwamba mpangilio umegeuka kabisa, wa mwisho umekuwa wa kwanza. Kwa hiyo ukikutana na rundo la namna hiyo, liendee kutokea mkiani: neno la mwisho ndilo linalozungumziwa, na yaliyotangulia yanalieleza. Jizoeze kwa kutafuta marundo matano kwa siku katika gazeti la Kiingereza na kuyaandika kwa Kiswahili. Baada ya wiki mbili jicho huzoea.

La pili ni viwakilishi. Sisi tunategemea upatanisho wa kisarufi kujua nani ametenda nini. Ukisema meli iligonga kivuko kikazama, kila mtu anajua kwamba kilichozama ni kivuko. Ukisema ikazama, imezama meli. Kiingereza kinasema "The ship struck the ferry and it sank", na neno hilo "it" halituambii lolote. Lazima msomaji aliunganishe mwenyewe kwa kusoma sentensi iliyotangulia na inayofuata. Maneno "it", "they", "this", "such" na "the former" ni milango ambayo watunzi wa maswali huitumia sana. Katika mazoezi ya polepole, chora mshale kutoka kila neno la namna hiyo hadi kwenye jina linalorejelewa. Mshale ukikushinda, basi sentensi hiyo hujaielewa, hata kama maneno yake yote unayajua.

La tatu ni maneno madogo. Wanafunzi huhangaika na maneno marefu, lakini yanayobadilisha jibu mara nyingi ni mafupi waliyojifunza tangu kidato cha kwanza kwa maana moja tu. "Yet" tulifundishwa kuwa ni bado, na katika kifungu cha katani hapo juu maana yake ni "hata hivyo". "While" tunaijua kama wakati ambapo, lakini mara nyingi inalinganisha mambo mawili, kama ilhali. "Since" inaweza kuwa tangu na inaweza kuwa kwa sababu. "Once" si lazima iwe mara moja. "Once the rains begin" ni mvua zikishaanza. "Hardly" haina uhusiano na bidii, maana "the rains had hardly begun" ni kusema mvua ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza. "Few farmers accepted the seed" inasema karibu hakuna mkulima aliyeikubali mbegu, ilhali "a few farmers" ni baadhi yao. Na tazama jinsi mpangilio unavyogeuza maana: "all but two of the wells were dry" ni kwamba visima vyote isipokuwa viwili vilikuwa vikavu, lakini "the wells were all but dry" ni kwamba visima vilikaribia kukauka kabisa. Tenga ukurasa maalumu wa maneno kama haya katika daftari lako na kila neno ulipe sentensi mbili zenye maana mbili tofauti.

Kwa upande mwingine tunao mtaji ambao wengi hawautumii. Anayejua kwamba msomi, somo, usomaji, somesha na someka vimetoka katika mzizi mmoja amekwisha kulizoea jambo lenyewe. Kutoka "employ" hupatikana "employer", "employee", "employment" na "unemployed". Anayeajiri, anayeajiriwa, ajira, asiye na ajira. Ukijifunza neno, jifunze ukoo wake siku hiyo hiyo. Faida yake utaiona katika maswali ya kujaza nafasi, ambako neno la swali ni kitenzi na neno la kifungu ni jina lililotokana nacho.

Msamiati: maneno gani, na yawekwe wapi

Mtu hawezi kusoma kamusi nzima, kwa hiyo swali ni aanzie wapi. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno ya kawaida yapatayo 2,000, na mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand akatoa orodha ya koo 570 za maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali, maneno kama "derive", "assess", "consistent" na "decline". Orodha ya Coxhead inapatikana bure kwenye intaneti, na koo zake huchukua karibu asilimia 10 ya maneno katika maandishi ya aina hiyo. Aliyemaliza sekondari zetu huwa anazijua nyingi kwa sura, kwa kuwa alizikuta katika vitabu vya biolojia na jiografia. Pitia orodha, weka alama kwenye zile usizoweza kuzitungia sentensi, na hizo ndizo kazi yako.

Orodha peke yake haitoshi, kwa sababu neno lililokaririwa peke yake husahaulika au hutumika vibaya. Neno liingie daftarini likiwa ndani ya sentensi uliyolikuta. Chukua "yield". Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba maana yake ni mavuno, akafunga daftari. Wiki iliyofuata alikutana na "the study yielded surprising results" akakwama, kisha "the government refused to yield to pressure" akakwama tena. Ukurasa wake leo una sentensi tatu: "the new variety yields twice as much grain", mbegu mpya hutoa nafaka mara mbili, utafiti uliotoa matokeo ya kushangaza, na serikali iliyokataa kusalimu amri mbele ya shinikizo. Chini yake ameandika "high yields" na "crop yields", na amepigia mstari neno "to" katika "yield to", kwa sababu hapo ndipo maana inapogeuka. Tafsiri ya Kiswahili ameifanya ya sentensi nzima. Ukurasa kama huo huchukua dakika kumi, na maneno matano au sita ya namna hiyo kwa siku yanatosha. Anayeandika thelathini kwa siku huwa anaandika tu.

Kurudia ni lazima. Hermann Ebbinghaus alionesha tangu mwaka 1885 kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hutoweka katika siku za mwanzo, na hakuna aliyesalimika na hilo. Njia rahisi ni ile aliyoieneza Mjerumani Sebastian Leitner miaka ya 1970: kadi katika visanduku. Andika sentensi ya Kiingereza upande mmoja wa kadi ukiacha pengo mahali pa neno, na neno lenyewe upande wa pili. Kadi uliyoipata huhamia kisanduku kinachopitiwa baada ya siku nyingi zaidi. Uliyoikosa hurudi kisanduku cha kila siku. Zipo programu za simu zinazofanya kazi hiyo, lakini kadi zilizokatwa kwenye boksi la viatu hufanya vilevile, nazo hazihitaji bando.

Wakati wa mtihani hakuna kamusi, kwa hiyo fanya pia mazoezi ya kukisia maana. Sema umekutana na sentensi hii: "Farmers were reluctant to plant the new seed, and for three years most of them kept to the old variety." Hata asiyejua "reluctant" anaona kwamba wakulima walibaki na mbegu ya zamani miaka mitatu, kwa hiyo hawakuwa na hamu na hiyo mpya. Muktadha umempa mwelekeo, na kwa swali la mtihani mwelekeo mara nyingi unatosha. Kisia kwanza, andika ulichokisia, ndipo ufungue kamusi. Anayekimbilia kamusi kila anapokwama huufika ukumbi wa mtihani akiwa hana zana.

Nje ya vifungu vya mtihani, soma kila siku kitu chepesi. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 ulionesha kwamba msomaji huhitaji kujua karibu asilimia 98 ya maneno ili aelewe hadithi vizuri bila msaada, yaani neno geni moja katika kila maneno hamsini. Hesabu maneno mia ya kwanza ya maandishi unayotaka kuyasoma. Ukikuta mageni yanazidi mawili au matatu, yaweke hadi baadaye. Njia ninayoipenda ni kusoma habari moja katika lugha mbili: isome kwanza katika Mwananchi, kisha itafute habari hiyo hiyo katika The Citizen. Kwa kuwa habari yenyewe unaijua, akili hubaki huru kuangalia jinsi Kiingereza kilivyoisema.

Kuirudisha saa mezani

Saa irudi pale ambapo, bila saa, unapata angalau majibu kumi kati ya kumi na tatu katika kifungu na unaweza kuonesha mstari wa kila moja. Kabla ya hapo, mazoezi ya kasi hukufundisha kukosea haraka. Anza na dakika 30 kwa kifungu, shuka hadi 25, kisha 20. Vifungu huwa vigumu zaidi kadiri unavyoendelea, kwa hiyo katika mtihani kamili jitahidi cha kwanza kikuchukue dakika 16 au 17 ili cha tatu kipate zaidi ya 20.

Usikisome kifungu chote neno kwa neno kabla ya maswali. Soma kichwa cha habari na sentensi ya mwanzo ya kila aya, andika pembeni neno moja la kukumbusha aya hiyo inahusu nini, ndipo uende kwenye maswali. Majina ya watu, miaka na tarakimu hutafutwa kwa jicho tu. Maswali ya "True", "False" na "Not Given" kwa kawaida hufuata mpangilio wa kifungu. Ukishalipata jibu la swali la nne na la sita, jibu la tano liko katikati yake. Maswali ya kuoanisha aya na vichwa vyake hayafuati utaratibu huo, na huko mtego ni kichwa kinachotaja jambo dogo lililomo katika aya badala ya hoja ya aya nzima.

Katika kujaza nafasi, soma maelekezo kila mara. Yakisema "no more than two words", majibu ya maneno matatu hukataliwa hata kama maana ni sahihi. Nakili neno kama lilivyo katika kifungu, angalia kama nafasi inataka umoja au wingi, na angalia tahajia, kwa sababu tahajia ikikosewa alama hupotea.

Kila jaribio lifuatwe na daftari la makosa. Andika namba ya swali na sababu kwa maneno yako: neno sikulijua, nilikosea "it", niliongeza nilichokijua mimi, muda uliisha. Baada ya majaribio manne sababu moja itaanza kujirudia kuliko nyingine, na wiki inayofuata yote iende kwenye hiyo.

Siku ya mtihani, kwa wanaoufanya kwa karatasi, hakuna dakika za ziada za kuhamishia majibu katika sehemu ya kusoma kama zilivyo katika sehemu ya kusikiliza. Andika kila jibu kwenye karatasi ya majibu unapolipata. Swali lililokuzidi dakika mbili lipite, uliwekee alama. Zikibaki dakika tatu, rudi kwenye nafasi zilizo wazi uzijaze zote, hata kwa kubahatisha, kisha hesabu kwa kidole kuhakikisha jibu la 27 limekaa kwenye mstari wa 27.